Mtoto Anayetafuta Kwao: Hadithi za Maajabu na Uponyaji wa Hisia

Bibi mmoja afika katika zahanati iliyo karibu na mwalo, wilayani Ilemela, akiwa amemshika mkono mjukuu wake wa miaka 12. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini mhudumu aliyewahi kufanya kazi kando ya Ziwa Victoria hatapata shida kuutambua.

"Shikamoo, daktari," asema mtoto kwa sauti isiyosikika vizuri.

"Marahaba, mwanangu. Bibi, shikamoo. Karibuni mkae. Tatizo ni nini?"

"Marahaba. Ni tumbo, daktari. Nimempa dawa ya minyoo, nikampa ya vidonda, nikampeleka hata kwa mganga wa kule nyumbani. Likitulia leo, kesho linaanza tena. Shuleni anasinzia, na usiku analowanisha kitanda, mtoto mkubwa namna hii."

Kipimo cha malaria ni hasi. Mkojo hauna maambukizi wala sukari, na choo hakina minyoo. Tumbo ni laini na halina uvimbe. Foleni ya nje ni ndefu, na kalamu imekwisha kuelekea kwenye karatasi ili kuandika dawa ya maumivu. Hapo mhudumu amwuliza mtoto anapenda kufanya nini akitoka shule. Kwa mara ya kwanza mtoto ainua uso. Anatazama katuni kwenye simu ya mjomba wake, asema. Ni ya msichana asiye na kwao, aliyenunuliwa na mchawi mwenye kichwa cha fuvu la mnyama.

"Umesikia, daktari?" bibi aingilia. "Uchawi mtupu! Nilishamwambia mjomba wake ayafute hayo."

Somo hili lahusu kile ambacho mhudumu afanye baada ya maneno hayo ya bibi. Anaweza kukubaliana naye na kumwita mgonjwa anayefuata. Anaweza pia kutambua kwamba mtoto amekwisha kueleza ugonjwa wake, kwa lugha pekee aliyokuwa nayo.

Msichana aliyeuzwa

Katuni inayosemwa ni mojawapo ya zile za Kijapani ziitwazo anime. Jina lake ni Mahōtsukai no Yome, na kwa Kiingereza hujulikana kama The Ancient Magus' Bride. Ilianza kama hadithi ya picha iliyochorwa na Kore Yamazaki mwaka 2013, kisha studio ya Wit ikaitengeneza kwa televisheni katika vipindi 24, kuanzia Oktoba 2017 hadi Machi 2018.

Msichana wa hadithi hii aitwa Hatori Chise, naye ana miaka 15. Tangu utotoni huona viumbe ambavyo wengine hawavioni. Baba aliondoka nyumbani na mdogo wake wa kiume, akamwacha yeye na mama. Mama, akiwa amechoka na amekata tamaa, siku moja alimkaba koo mwanawe. Alipogundua analolitenda alimwachia, kisha akajiua mbele yake. Chise akawa mzigo unaopitishwa kutoka kwa ndugu huyu hadi kwa yule. Mwisho alikubali kuuzwa mnadani. Mnunuzi ni Elias Ainsworth, mwenye kichwa cha mfupa na pembe, aliyemchukua hadi nyumbani kwake mashambani Uingereza awe mwanafunzi wake wa maajabu, na baadaye mke.

Mtazamaji mtu mzima huyaona majoka na mazimwi. Mtoto aliyefiwa huona kingine. Huona kwamba katika nyumba ile kuna kiumbe wa kike asiyesema neno, ambaye kila asubuhi huandaa chakula na kumtengenezea Chise nguo. Huona mbwa mweusi aitwaye Ruth, aliyekuwa akiomboleza juu ya kaburi la mtu aliyempenda, akaamua kumfuata msichana huyu maisha yake yote. Uponyaji wa Chise huanzia hapo, mezani na kitandani, muda mrefu kabla hajajifunza maajabu yoyote ya maana. Uwezo wenyewe aliozaliwa nao, kwa kweli, humdhoofisha mwili na kutishia kuyafupisha maisha yake.

Jambo moja katika sehemu za mwisho lastahili kusomwa na kila anayefanya kazi ya ushauri nasaha. Chise arudishwa katika kumbukumbu ya siku ile ya mama. Halazimishwi kusema kwamba amesamehe. Aitazama kumbukumbu yote, ubaya na wema uliokuwamo, kisha achagua kuendelea kuishi. Wahudumu, ndugu na viongozi wa dini hupenda kuharakisha msamaha kwa sababu huwapunguzia wao wenyewe uzito. Mtoto hubaki na kidonda kilichofunikwa.

Masala Kulangwa na mama yake

Bibi aliyelaumu katuni hiyo huenda yeye mwenyewe alilelewa kwa hadithi kama hiyo. Wasukuma wana hadithi ya zimwi Shing'weng'we, nayo husimuliwa kwa namna nyingi. Kwa namna isimuliwayo sana, zimwi lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, yaani mwenye akili ya kuelewa upesi. Mtoto alipokua akamwuliza mama: mbona tuko sisi wawili tu, watu wengine wako wapi? Mama akamweleza yaliyotokea.

Tangu hapo kijana akaanza kuwinda. Akaua panzi, akakimbia kwa mama akishangilia kwamba amemwua Shing'weng'we. Mama akamwambia kwamba huyo ni panzi, wamchome wale. Akaua ndege, akarudi na furaha ileile. Mama akampa jibu lilelile. Akaua paa, ikawa vivyo hivyo. Hatimaye akalikabili zimwi lenyewe, akalishinda, akalipasua, nao watu wakatoka wakiwa hai, baba yake miongoni mwao.

Hakuna kitabu cha saikolojia ya watoto kinachoeleza vizuri zaidi kazi ya mlezi. Mama hakuficha ukweli mtoto alipouliza. Hakumcheka kwa ajili ya panzi, wala hakumdanganya kwamba panzi ni zimwi. Alilitaja kila jambo kwa jina lake, wakala pamoja, na mtoto akapata nguvu ya kujaribu tena. Mtoto aliyefiwa hucheza mchezo uleule mara nyingi: huzika mdoli, huzamisha mtumbwi wa karatasi, huufufua. Anapima ukubwa wa zimwi lake kidogo kidogo.

Katika mialo ya Ilemela, kama Igombe na Kayenze, zimwi hilo lina sura inayojulikana. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku na taa zao, na baadhi hawarudi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Wapo wazazi wa leo waliokuwa watoto siku hiyo. Kifo cha majini huacha msiba wa aina yake, kwa sababu mara nyingine mwili haupatikani. Hakuna kaburi la kuonyeshwa. Mtoto huendelea kusubiri, na kila mlango unapogongwa hudhani ni yeye.

Uchawi ulio ndani ya akili ya mtoto

Kati ya takriban miaka 2 na 7, mtoto huamini kwamba fikra na matakwa yake yana nguvu ya kuyageuza mambo ya dunia. Akikasirika na kumtakia baba aondoke, kisha baba akafa, mtoto hujiona kuwa ndiye aliyemwua. Watoto wakubwa zaidi huelewa kwamba kifo hakina marejeo na kina sababu zake, lakini msiba mzito huweza kuwarudisha katika fikra zile za utotoni. Hatia ya namna hii haisemwi. Hujitokeza kwa tumbo lisilo na ugonjwa, kikojozi aliyekwisha kuacha kurudia tena, hasira, usingizi wa mang'amung'amu, na alama za shule kushuka.

Watu wazima huiongezea hatia hiyo nguvu kwa nia njema. Huambiwa mtoto kwamba baba amesafiri, au amelala. Mtoto aliyeambiwa baba amesafiri hujiuliza kwa nini hakuaga na kwa nini hapigi simu. Aliyeambiwa amelala huogopa kitanda chake mwenyewe. Neno linalofaa ni amekufa, likisemwa kwa upole na mtu anayeaminiwa na mtoto. Pale mwili usipopatikana, ukweli una maneno yake: mtumbwi ulizama, watu walitafuta wasimwone, nasi tunaamini amekufa. Kisha liongezwe lile ambalo mtoto hataliuliza, kwamba hakuna alichosema, alichofikiri wala alichotenda kilichosababisha jambo hilo.

Uchawi ulio nje

Hapa yafaa kumtendea bibi haki, kwa maana hofu yake haikutoka hewani. Neno la Kijapani linalotajwa katika jina la katuni humaanisha mtu atumiaye maajabu, awe mwema au mbaya. Kiswahili hakina neno moja la kulifasiri. Mchawi hudhuru, mganga hutibu, na afanyaye mazingaombwe huchekesha watu. Kisukuma nacho humtenga nfumu na nogi. Mtoto anaposema "mchawi mzuri" masikio ya nyumbani husikia jambo lisilowezekana.

Tena Kanda ya Ziwa imemwaga damu kwa sababu ya neno hilo. Wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine wakitiliwa shaka kwa macho mekundu tu. Macho yaliyowashwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe kwa miaka mingi jikoni. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, hata watoto wakapelekwa kuishi katika vituo kama Buhangija, Shinyanga, ili wawe salama. Walilindwa uhai, na wengi wao kwa gharama ya kutengwa na kwao.

Hadithi ya Masala Kulangwa ina kipande ambacho wasimulizi wa haraka hukiruka. Alipolipasua zimwi, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi yule akakasirika, akataka kumloga. Kijana hakumwua wala hakuita watu wamwue. Alitafuta dawa, akamtibu sikio. Mhudumu anayetaka kuzungumza na familia kuhusu tuhuma za uchawi hana haja ya kuanza na mahubiri. Mlango huo uko wazi katika hadithi wanayoijua.

"Ninakutaka"

Udhaifu mkubwa wa katuni ya Chise hauhusiani na mazimwi. Ni kule kununuliwa. Mtu mzima mwenye mali amchukua msichana wa miaka 15 asiye na mtu, amwambia atakuwa mke wake, na hadithi yaendelea kana kwamba upendo uliofuata umekisafisha kitendo cha kwanza. Watunzi wenyewe humpa Chise sauti kadiri vipindi vinavyosonga: Elias anapotaka kumtoa rafiki yake kafara ili kumwokoa yeye na laana, Chise akasirika na kuondoka katika nyumba ile. Hata hivyo mnada unabaki kuwa mnada.

Lakini katika kosa hilo hadithi yasema kweli moja ya kitabibu. Chise hakutekwa. Alikuwa amesimama ukingoni mwa paa la shule, tayari kujirusha, alipotokea mtu na kumpa njia nyingine. Akakubali kuuzwa kwa sababu huenda angepatikana mtu wa kumtaka. Mtoto mwenye njaa ya kwao humfuata yeyote asemaye "ninakutaka". Mkoani Mwanza mtu huyo aweza kuwa mama mwenye gari anayeahidi shule kisha akampa mtoto kazi za ndani tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Aweza kuwa mwanamume wa mwaloni anayenunua chipsi na vocha za simu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019.

Kwa hiyo maumivu ya tumbo na kikojozi kilichorudi kwa msichana wa miaka 12 humlazimu mhudumu kuuliza pia kuhusu ukatili, ukiwamo wa kingono. Mtoto apewe nafasi ya kuzungumza bila mlezi kusikia, lakini mahali anapoonekana, na aelezwe mapema kwamba siri zote zitatunzwa isipokuwa ile inayohatarisha maisha yake. Aulizwe waziwazi kama amewahi kutamani kufa. Swali hilo halimpandikizii mtoto wazo la kujiua. Mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye mtu ameuliza.

Yaliyojaribiwa Afrika Mashariki

Kumsikiliza mtoto si wema mtupu usiopimika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Psychiatry uliwahusisha watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wenye miaka 7 hadi 13, kutoka Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, mijini na vijijini. Nusu yao walipata tiba ya kisaikolojia inayolenga kiwewe, katika vikao 12 vya vikundi pamoja na vikao vichache vya mtoto mmoja mmoja. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Tiba ilipomalizika, watoto hao walikuwa na dalili chache za kiwewe kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne. Baada ya miezi 12 tofauti hiyo ilidumu Kenya, ilhali Tanzania makundi mawili yalikuwa yamekaribiana.

Matokeo hayo ya mwisho yasifichwe. Yanakumbusha kwamba vikao vya ushauri huishi ndani ya maisha ya mtoto, pamoja na chakula, shule na nyumba anayolala. Upande wa pili wa ziwa, huko Nshamba wilayani Muleba, mradi wa Humuliza uliliona hilo mapema, wakati UKIMWI ulipoacha mayatima wengi Kagera. Kutokana nao vijana waliofiwa waliunda kikundi chao, Vijana Simama Imara, wakakiongoza wenyewe. Yatima aliyekuwa akipokea tu akawa mtu ambaye wenzake wanamngoja kikaoni. Ilemela haikosi mahali pa namna hiyo: kwaya, timu za mpira, vikundi vya ngoma vya Bagalu na Bagika vinavyokaribisha vijana. Jambo la kuangalia ni kama mtoto ana kazi yake humo, hata ndogo, na kama asipofika yupo atakayeuliza.

Kurudi zahanatini

Mhudumu wa mfano wetu hana saa nzima. Ana dakika 10, na zinatosha kuanza. Amwuliza mtoto ni nani katika katuni anayempenda kuliko wote. "Yule anayepika," ajibu mtoto, "kwa sababu haendi popote." Bibi anyamaza. Mhudumu auliza mtoto amelala katika nyumba ngapi tangu baba alipopotea ziwani. Nne, asema. Mama ameolewa Geita. Baada ya bibi kuombwa akae benchi la nje, mtoto asema pia kwamba siku ile aligombana na baba kuhusu viatu vya shule, akamwambia asirudi.

Hakuna dalili ya ukatili, wala fikra ya kujidhuru. Kama ingekuwapo, mtoto asingeondoka kabla afisa ustawi wa jamii hajapigiwa simu, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi pale penye jinai. Simu ya mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Mhudumu amweleza mtoto kwamba mawimbi hayasikii maneno ya watu. Amwita bibi arudi, na kumweleza kwamba tumbo linauma kweli, mtoto haigizi, na kwamba asipigwe wala asiaibishwe kwa kulowanisha kitanda. Amwomba bibi amwambie mjukuu kwa kinywa chake kama atakaa kwake au atahamishwa tena.

Bibi amgeukia mtoto. "Wewe si wa kuhama tena. Utatoka kwangu ukienda kwako." Kisha, baada ya kimya, amgeukia mhudumu: "Na hiyo katuni, daktari?"

"Itazameni pamoja, bibi. Kuna mambo ya wakubwa humo, ya kujiua na ya ndoa. Asiyaone peke yake. Akikuuliza, mjibu."

"Mimi macho hayaoni vizuri kwenye simu," asema bibi. "Lakini basi na yeye anisikilize ya Shing'weng'we."

"Ni nini hiyo, bibi?" auliza mtoto.

Kwenye kadi yaandikwa tarehe ya kurudi, wiki mbili mbele. Dawa ya maumivu haikuandikwa.